Pikipiki Inakula Mafuta? Tuelewe Jeti za Kabureta



Kikundi kinaponunua pikipiki, mara nyingi akiba ya miaka miwili au mitatu huwa imeingia humo. Ndiyo maana maneno haya mawili, "inakula mafuta", huleta kelele katika mkutano. Mwendeshaji analaumiwa kwamba anauza petroli njiani. Mwendeshaji naye anamlaumu fundi. Fundi anasema, "Hii ni jeti tu, tubadilishe." Mweka hazina hajui jeti ni kitu gani, basi anatoa pesa ili maneno yaishe.

Katika ukurasa huu tunataka kueleza jeti ni nini, kwa nini mahali mnapoishi panaibadilishia kazi yake, na jinsi ya kuibadilisha bila kuharibu injini. Kazi yenyewe si ngumu. Ngumu ni kujua kama inahitajika.

Tumechukua mfano wa Kiamaiko, huko Eastlands, Nairobi. Wengi wenu mnapajua kwa sababu ya mbuzi. Mbuzi hutoka mbali, hata Marsabit na Moyale, wakachinjwa hapo, na nyama hutawanyika mtaani asubuhi na mapema. Pikipiki ni chombo cha kazi hapo kama kisu. Si mbali kuna mafundi wa jua kali wa Kariobangi Light Industries. Na tena, pikipiki kuukuu nyingi hununuliwa Nairobi zikapelekwa nyumbani mashambani. Kwa hiyo pikipiki iliyopimwa kwa hewa ya Eastlands yaweza kesho kufanya kazi Garissa, au Eldoret, au Voi. Hapo ndipo shida huanza.

Tunazungumza juu ya pikipiki ndogo za zamani zenye kabureta: Honda CG125, Yamaha AG100, Yamaha DT125, Suzuki A100 na ndugu zao. Zamani pikipiki kijijini ilikuwa ya afisa wa kilimo, ya daktari wa mifugo au ya parokia. Baada ya serikali ya Kenya kuondoa kodi ya VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250 mwaka 2008, zilijaa kila mahali, na nyingi za wakati huo nazo sasa ni nzee. Pikipiki mpya zenye injeksheni hazimo katika habari hii, kwa kuwa hizo hujipimia mafuta zenyewe.

KABURETA INAFANYA NINI

Petroli peke yake haiwaki vizuri ndani ya silinda. Inataka hewa, tena hewa nyingi. Kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue yote. Kazi ya kabureta ni kuchanganya hivyo viwili.

Chini ya kabureta kuna bakuli dogo la petroli. Ndani yake kuna boya, ambalo mafundi huliita floti, linalozuia petroli isijae kupita kiasi, kama lile la tangi la maji. Juu ya bakuli kuna koo nyembamba. Injini inapovuta hewa kupitia koo hilo, hewa hukimbia, na mkimbio huo huvuta petroli kutoka kwenye bakuli. Petroli hupanda kupitia vitundu vidogo vilivyochimbwa katika vipande vya shaba ya manjano. Vipande hivyo ndivyo jeti. Tundu kubwa hupitisha petroli nyingi, tundu dogo hupitisha kidogo. Basi, siri yote ya jeti ni hiyo.

Petroli ikizidi hewa tunasema mchanganyiko ni mzito. Petroli ikipungua tunasema mchanganyiko ni mwepesi. Mzito hula pesa zenu na kujaza masizi. Mwepesi huchoma injini. Yote mawili ni hasara, ila ya pili ni kubwa zaidi.

HEWA YA JUU NI NYEMBAMBA

Kiamaiko iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyembamba: ndoo moja ya hewa ya Nairobi ina uzito pungufu kuliko ndoo ileile Mombasa, kama sehemu 15 katika kila 100. Ili kuchoma lita moja ya petroli, Mombasa mnahitaji hewa zaidi kidogo ya lita 9,000. Nairobi mnahitaji karibu lita 11,000.

Kabureta haijui habari hii. Yenyewe inasikia mvuto tu, ikatoa petroli. Kwa hiyo pikipiki iliyopimwa pwani ikipanda Nairobi hutoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, kama sehemu 8 au 9 zaidi katika kila 100. Mchanganyiko unakuwa mzito kidogo.

Je, hiyo inatosha kubadilisha jeti? Hapa tuwe waangalifu. Vitabu vya baadhi ya pikipiki za Honda zilizouzwa Marekani viliagiza kabureta irekebishwe kama pikipiki itatumika juu ya mita 2,000. Tena vilionya kwamba ikisharekebishwa hivyo, isitumike kwa muda mrefu chini ya mita 1,500. Sasa tazameni: Kiamaiko iko katikati ya namba hizo mbili. Haiko juu ya kutosha kusema lazima, wala haiko chini ya kutosha kusema hapana. Limuru na Eldoret ni juu ya mita 2,000, huko sababu ni nzito. Kisumu ni mita 1,100 na kitu, huko sababu ni ndogo sana.

Maana yake ni kwamba, kwa Nairobi, pikipiki nzima yenye jeti zake za kiwandani kwa kawaida hufanya kazi vizuri tu. Ikiwa yenu inakula mafuta sana sana, sehemu 8 au 9 za hewa peke yake haziwezi kueleza jambo hilo. Kuna ugonjwa mwingine.

Jambo lingine: hewa nyembamba hupunguza nguvu ya injini, kwa kuwa kilicho cha kuchoma ni kidogo. Jeti sahihi hurudisha usafi wa kuchoma. Haiwezi kurudisha nguvu yote ya pwani. Fundi akiwaahidi kwamba jeti itafanya pikipiki "ivute kama mpya" mlimani, mwambieni asante na mfunge mkoba.

KILA JETI NA ZAMU YAKE

Watu wengi husikia "jeti" wakadhani ni moja. Ziko zaidi ya moja, na kila moja ina zamu yake kulingana na kiasi mnachovuta mkono wa mafuta.

Ya kwanza ni jeti ndogo. Hii hulisha injini inaponguruma imesimama, na mnapovuta mkono mpaka kama robo. Hufanya kazi pamoja na skrubu ndogo iliyo ubavuni mwa kabureta.

Ya pili si jeti hasa, ni sindano. Inaning'inia ndani ya kabureta, inapanda na kushuka mnapovuta mkono, ndani ya mrija mwembamba wa shaba. Hutawala kuanzia robo hadi robo tatu. Juu ya sindano kuna mikato midogo, mara nyingi mitano, na kibanio kidogo kinachokaa katika mmoja wa mikato hiyo.

Ya tatu ni jeti kubwa. Hii ndiyo watu huipenda kuibadilisha. Lakini zamu yake hasa ni kuanzia robo tatu mpaka mkono uvutwe wote.

Sasa jiulizeni: pikipiki inayobeba nyama kutoka Kiamaiko kwenda Huruma au Mathare, katikati ya watu, mikokoteni na matatu, mkono wake huvutwa wote lini? Karibu hakuna. Siku nzima inakaa robo mpaka nusu. Huko ni kwenye zamu ya sindano na jeti ndogo. Mnaweza kununua jeti kubwa tatu mkabadilisha, na mafuta yakaendelea kuliwa vilevile, kwa sababu mmetibu mguu na kinachouma ni sikio.

Kuna jambo la pikipiki nzee ambalo husahauliwa. Sindano hutikisika ndani ya mrija wake kwa miaka mingi, ikaula mrija. Tundu la mviringo linakuwa pana, lenye umbo la yai. Petroli hupita pembeni, na pikipiki inakula mafuta katika mwendo uleule wa kila siku. Dawa yake ni sindano na mrija mpya, vinunuliwe pamoja. Jeti kubwa haihusiki hata kidogo.

KWANZA TAFUTENI UGONJWA

Kabla ya kugusa jeti yoyote, pitieni orodha hii. Mengi hapa hayadai pesa, yanadai nusu saa tu.

1. Chujio la hewa, ambalo mafundi huliita eya klina. Likijaa vumbi, hewa haipiti na mchanganyiko unakuwa mzito. Lisafisheni au mbadilishe. Msiliondoe kabisa! Vumbi la barabara likiingia ndani husaga ringi na silinda kama jiwe la kunolea.

2. Choki. Je, inarudi mpaka mwisho? Kebo ikikwama nusu, mnaendesha na choki siku nzima.

3. Boya na vali yake. Petroli ikidondoka kwenye mpira wa chini wa kabureta, vali imekwisha au imenasa uchafu.

4. Plagi na moto wake, na nafasi za vali kwa injini yenye vali.

5. Mpira au gasketi kati ya kabureta na injini. Ikipasuka, hewa huingia kwa mlango wa nyuma na mchanganyiko unakuwa mwepesi.

6. Breki na cheni. Inueni gurudumu na mlizungushe kwa mkono. Likiwa zito, injini inasukuma breki badala ya mzigo. Pimeni na upepo wa tairi.

7. Petroli yenyewe. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hutoa moshi, hugonga injini na hufanya pikipiki ionekane kana kwamba kabureta ni mbaya. Mwaga bakuli, jazeni kwenye kituo mnachokiamini, ndipo mpime.

Baada ya hayo yote, kama dalili bado zipo, ndipo mfikirie jeti.

DALILI ZA KUTAZAMA

Mchanganyiko mzito: moshi mweusi, harufu ya petroli, plagi nyeusi yenye masizi makavu, injini inanguruma vizuri ikiwa baridi lakini ikipata joto inakuwa nzito na kugugumia. Mkivuta choki kidogo, hali huwa mbaya zaidi.

Mchanganyiko mwepesi: injini inapata joto kali, plagi ni nyeupe, eksozi hupiga pu! pu! mnapofunga mkono, na mnapoufungua ghafla injini husitasita kama mtu aliyepaliwa. Mkivuta choki kidogo, hali inakuwa nafuu.

Tazameni dalili inatokea mkono ukiwa wapi. Ikitokea pikipiki imesimama ikinguruma, ni jeti ndogo na skrubu yake. Ikitokea katikati, ni sindano. Ikitokea mkono ukivutwa wote, kwa mfano mlimani na mzigo, ndipo ni jeti kubwa. Mwendeshaji ndiye anayejua haya kuliko fundi, kwa hiyo aende mwenyewe gereji akaeleze. Asitume mtoto.

HATUA KWA HATUA

Fanyeni kazi hii nje, mchana, mbali na jiko, sigara na taa ya koroboi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, ukaufuata moto ulio hatua kadhaa. Katika mitaa ya nyumba za mabati zilizobanana kama Kiamaiko, moto wa chumba kimoja ni moto wa plot nzima. Msifungue kabureta ndani ya nyumba hata kama mvua inanyesha.

Kwanza, fungeni bomba la petroli chini ya tangi. Mwageni petroli ya bakuli katika mkebe, si katika mtaro.

Pili, fungueni skrubu za bakuli kwa bisibisi inayokaa sawasawa. Bisibisi mbovu hula vichwa vya skrubu. Jeti kubwa iko katikati. Pale juu yake au ubavuni kuna namba ndogo. Iandikeni kwenye daftari kabla ya kitu kingine.

Tatu, inueni jeti muitazame dhidi ya mwanga. Tundu liwe la mviringo na laini. Kama ni chafu, isafisheni kwa petroli safi na upepo wa pampu ya baiskeli. Msitie waya wala sindano ya kushonea. Shaba hiyo ni laini, na mkwaruzo mmoja hubadilisha kipimo. Uzi wa nailoni wa kuvulia samaki hauidhuru.

Nne, kama mmehakikisha ni nzito mkono ukivutwa wote, nunueni jeti kubwa iliyo hatua moja chini. Kwa jeti nyingi za Keihin, namba huonyesha upana wa tundu katika sehemu za mia za milimita. Namba 100 ni karibu milimita moja. Kutoka 100 mnashuka kwenda 98, na kama bado, 95. Msiruke kutoka 100 hadi 90. Jeti za Mikuni zina hesabu yake tofauti, kwa hiyo namba 100 ya kampuni moja si sawa na 100 ya nyingine. Nendeni dukani na jeti yenu ya zamani mkononi, mlinganishe nyuzi na urefu.

Tano, kama shida iko katikati, msiguse jeti kubwa. Toeni sindano, hamisheni kibanio mkato mmoja. Kumbukeni hivi: kibanio kikipanda, sindano inashuka, na petroli inapungua. Kibanio kikishuka, sindano inapanda, na petroli inaongezeka.

Sita, skrubu ya ubavuni. Kwanza ikazeni pole pole mpaka iguse tu, mkihesabu mizunguko, mkaandika. Msiilazimishe, ncha yake huvunjika. Hapa mafundi wengi hukosana, kwa sababu skrubu ni za aina mbili. Iliyo upande wa chujio la hewa hupima hewa: kuikaza ni kuongeza uzito wa mchanganyiko. Iliyo upande wa injini hupima petroli: kuikaza ni kupunguza. Injini ikiwa na joto, izungusheni robo robo mpaka ingurume kwa wepesi na utulivu.

Saba, badilisheni kitu kimoja tu, kisha mjaribu. Mkibadilisha vitatu kwa pamoja na hali ikawa nzuri au mbaya, hamtajua kilicholeta.

Pikipiki yenye silinda mbili na kabureta mbili itendewe sawa pande zote: namba moja kulia na kushoto, mkato uleule wa sindano.

MSICHONGE JETI

Sasa tunafika kwenye jambo linaloumiza vikundi kuliko yote. Mazungumzo kama haya si mageni:

"Kijana wangu, umefanya nini hapo?"

"Nimeichonga kidogo, mama. Sasa itavuta."

"Na kipimo chake?"

"Usijali mama, hii kazi naijua."

Jeti iliyochongwa kwa waya au kwa kijikeekee imekufa. Namba iliyo juu yake sasa ni ya uongo. Fundi wa pili akisoma 100, atapanga kila kitu kwa kuamini 100, kumbe tundu ni la 110 na limepinda. Vivyo hivyo ile ya kuziba kwa risasi na kutoboa upya. Jeti mpya ni kipande kidogo cha bei ndogo ukilinganisha na pistoni, ringi na kazi ya kufungua injini. Kama mmenunua pikipiki kuukuu, linganisheni jeti yake na mpya ya namba ileile dhidi ya mwanga. Mkiona tofauti, mmekwisha kupata mwizi wa mafuta.

Mama mweka hazina ana haki ya kusema hivi kwa adabu: "Fundi, nipe jeti ya zamani mkononi, na uniandikie namba ya mpya." Fundi mzuri hatakasirika. Anayekasirika amewajibu.

PIKIPIKI IKISHUKA BONDENI

Hili ndilo tunaloomba mlisome mara mbili. Pikipiki iliyopunguziwa jeti kwa ajili ya Limuru au Nairobi ikipelekwa Mombasa, Voi au Garissa, hewa ya huko ni nzito. Mji wa Garissa hauko hata mita 200 juu ya bahari. Petroli ileile ndogo sasa inakutana na hewa nyingi. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, joto la injini linapanda, na juu ya hayo jua la huko ni kali na safari ni ndefu, mkono umevutwa wote.

Injini ya vali huweza kuungua vali na kugonga. Injini isiyo na vali, kama ile ya AG100 au DT125, iko hatarini zaidi, na hasa ile ambayo pampu yake ya oili imeondolewa na oili inachanganywa ndani ya tangi. Hapo oili ya kulainisha silinda hupitia jeti pamoja na petroli. Mkipunguza petroli, mmepunguza oili pia. Pistoni hushika ghafla, gurudumu la nyuma hufunga, na mwendeshaji huanguka. Hilo si jambo la pesa tena, ni la maisha ya mtu.

Kwa hiyo shikeni kanuni hii: jeti ya kiwandani haitupwi. Itieni katika kichupa kidogo, andikeni namba, ikae na vyombo chini ya kiti. Pikipiki ikiuzwa, kichupa kiende nayo. Ikishuka mita 1,000 au zaidi ili kufanya kazi huko, jeti irudishwe na sindano irudi kwenye mkato wake kabla ya kazi kuanza. Na mkinunua pikipiki Nairobi kwa ajili ya nyumbani, ulizeni: "Jeti gani imo?" Asipojua, fungueni msome wenyewe.

Mkiwa na shaka kati ya nzito kidogo na nyepesi kidogo, chagueni nzito kidogo. Masizi husafishwa. Pistoni iliyotoboka haisafishwi.

HESABU KATIKA DAFTARI

Macho na masikio hudanganya, daftari halidanganyi. Jazeni tangi mpaka alama, andikeni kilomita. Fanyeni kazi ya kawaida siku mbili au tatu. Jazeni tena mpaka alama ileile, andikeni lita zilizoingia. Gawanyeni kilomita kwa lita. Fanyeni hivyo kabla ya kubadilisha kitu na baada yake, kwa njia ileile, mzigo uleule na mwendeshaji yuleyule.

Tuchukue mfano. Pikipiki inakwenda kilomita 100 kwa siku. Ikiwa inakwenda kilomita 35 kwa lita, inatumia karibu lita 2.9. Ikifika kilomita 40 kwa lita, inatumia lita 2.5. Kwa siku 26 za kazi mmeokoa zaidi ya lita 9. Zidisheni kwa bei ya petroli ya mwezi huo, ile inayotangazwa na EPRA kila tarehe 14, mtaona faida yenu wazi. Na kama baada ya kubadilisha jeti hesabu haikusogea, rudisheni ya zamani. Mmejua kwamba shida iko kwingine, na mmejua kwa gharama ndogo.

Faida nyingine ya daftari ni amani. Mwendeshaji aliyekuwa akishukiwa ataonekana hana kosa, au atajua kwamba kuna anayehesabu. Mali bila daftari huzaa fitina.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kijiji chetu kiko mita ngapi juu ya bahari? Nani aweza kutuulizia, shuleni au kwa afisa wa kilimo?

2. Pikipiki yetu ilitoka wapi, na imo jeti namba ngapi sasa? Jeti ya kwanza iko wapi?

3. Kwa siku ya kawaida, mwendeshaji wetu huvuta mkono kiasi gani? Basi zamu hiyo ni ya jeti ndogo, ya sindano au ya jeti kubwa?

4. Katika orodha ya mambo saba, ni yapi tunaweza kukagua wenyewe kila Jumamosi? Nani atasimamia?

5. Tunapomlipa fundi, tunapata maandishi gani? Kama hakuna, tuanze lini?

Someni pamoja, mwendeshaji akiwepo, na pikipiki ikiwa imeegeshwa mbele yenu. Mwacheni aonyeshe kabureta iko wapi, na kila mmoja aiguse, akina mama pia. Kitu kinachomilikiwa na wote kisijulikane na mtu mmoja tu.